Mwanamize Mbeba Jiwe na Kisima cha Toviu

Kaeni, wana wa Toviu, na mlio nyuma sogeeni, maana sitapaza sauti kwa habari ambayo ni yenu kuliko yangu. Nasimulia ya zama zile ambapo kisiwa hiki hakikuwa na mnazi wala kaburi, na wazee wetu walikuwa bado wanaitwa watu wa bara. Katika zama hizo aliishi Mwanamize binti Bwanaheri bin Kombo, wa ukoo wa wahunzi, Mwanamize Mbeba Jiwe, Mwenye Bega Lililoshuka, ambaye ndiye shina letu sote, hata nyinyi wenye macho ya kijivu mnaokaa upande wa kusini na kujifanya hamsikii ninapowataja.

Vita vilipowafukuza bara yeye na jamaa zake, wengine walibeba mikeka na kuku, bali Mwanamize alibeba fuawe la baba yake, jiwe pana la kufulia chuma, ambalo wanaume wanne walikuwa wakilisukuma kwa magogo. Alilitia begani akatembea nalo mpaka kwenye mitumbwi, na walipofika huku akalishusha mahali hapa, na tangu siku hiyo bega lake la kulia lilikaa chini kuliko la kushoto. Kisha akashika nyundo ya baba yake akaanza kupasua mwamba, akapasua huku watu wakilia kwa kiu, mpaka maji matamu yakatoka.

Nao watu, badala ya kushukuru, wakapigana. Kila mmoja alitaka kuteka wa kwanza, na ndugu wawili wa tumbo moja wakauana pale ukingoni. Mwanamize aliwatoa kwa mikono yake, akakifunika kisima kwa lile jiwe, akaketi juu yake, akatamka maneno ambayo hata mtoto wa Toviu anayajua kabla hajajua jina lake kamili.

“Kisima hiki hakuna atakayejitekea. Utamtekea mwenzako, na mwenzako atakutekea wewe. Anayetaka kunywa, na ajue kwanza ni nani atakayempa.”

Hivyo ndivyo tulivyokuwa watu wamoja. Walipokubali, Mwanamize aliliondoa jiwe akaliweka mlangoni pake. Ikachongwa kata ya kifuu cha nazi iliyotoka bara, ikatundikwa ukingoni, na hakuna mkono ulioipeleka kwenye kinywa cha mwenyewe.

Miaka ikapita, wakaja Waingereza. Meli yao kubwa iliwashusha kule kusini, wanaume na wanawake, na makasha, na mapipa, na bendera, ikaahidi kurudi na chakula, ikaenda zake. Walikuja kujenga mji, na sisemi hawakuwa na bidii. Walipanda ngano mchangani, kunguru wakashiba. Walijenga nyumba zenye mahali pa kuota moto ndani, katika kisiwa ambacho hata paka hutafuta kivuli! Walivaa nguo za sufu wakati wa jua kali, na homa ikaanza kuwachukua, leo huyu, kesho yule, mpaka wazima wakawa hawatoshi kuchimba makaburi. Maji ya mapipa yao yakageuka kijani. Meli haikurudi.

Mkuu wao, Kapteni Wilkoti, mtu mrefu mwenye uso uliobabuka kwa jua, alizijua lugha za pwani kidogo kwa kuwa aliwahi kufanya biashara huku. Siku moja alikuja kisimani na watu wake wenye bunduki, wakiyumba kwa kiu. Watu wetu waliwahurumia. Wakawatekea wote, mmoja baada ya mmoja, kisha wakasimama kimya mikono mitupu, wakingoja nao watekewe.

Wilkoti akawatazama. Akaona watu waliomtekea maji bila kuambiwa na sasa wamesimama mbele yake kama wanaongoja amri, akadhani amepata watumishi. Akawaambia wamefanya vizuri, wanaweza kwenda. Watu wetu hawakwenda, kwa maana hawakuwa wamekunywa. Walisimama mpaka jua likageuka, na walipoona hakuna anayeshika kata, wakarudi majumbani na kiu yao na aibu isiyokuwa yao. Iliendelea hivyo siku baada ya siku, wetu wakitekeana jioni wageni wakishaondoka, kila upande ukijiona ndio wenye adabu.

Kisha mvua zikakatika na maji yakapungua. Wilkoti aliogopa, na mtu mwenye hofu akiwa na bunduki ni msiba. Akavunja makasha, akazungushia kisima ua wa mbao, akaweka walinzi.

Shekue, mdogo wake Mwanamize, mtu wa hasira za haraka, alikusanya vijana na mienge.

“Dada, tupe ruhusa tuwachome,” alisema. “Watoto wanalamba umande kwenye majani, nawe umekaa tu!”

“Na damu ikiingia kisimani, Shekue, tutakunywa nini?” Mwanamize akamjibu. “Niliwahi kuitoa damu humo mara moja. Sitaitoa mara ya pili. Zimeni moto, mnisaidie kuliinua jiwe.”

Alikuwa mtu mzima sasa, nywele nyeupe. Wakamsaidia kulitia begani, akatembea nalo peke yake asubuhi kweupe, watu wote wakitazama. Aliogopa. Nalisema wazi, kwa kuwa wapo wanaosimulia kana kwamba hakuwa na moyo wa nyama. Aliogopa bunduki, na zaidi aliogopa magoti yake. Walinzi wakamwelekezea mitutu, naye akapita katikati yao kwa mwendo uleule, maana mwenye mzigo huo hawezi kubadili mwendo. Akalishusha jiwe juu ya mdomo wa kisima, akaketi.

“Wilkoti,” akasema, “sasa tutakaa na kiu pamoja.”

Kapteni aliapa, akatisha, akainua bunduki yake mwenyewe.

“Piga,” Mwanamize akamwambia. “Jiwe litabaki.”

Watu wa Wilkoti wakajaribu kulisukuma, lakini homa ilikuwa imewamaliza. Wakalichokonoa kwa mbao za makasha, mbao zikavunjika. Mwishowe wakaketi ndani ya ua, nao watu wetu wakaketi nje, na jua likawaka juu ya wote bila kuuliza nani wa wapi. Mwanamize alisikia vichanga vikilia upande wa pili wa mbao, akavijua kwa sauti, akabaki pale pale. Usiku ukaja ukaenda, na hakuna aliyekunywa.

Jua lilipopanda tena, alitoka mwanamke mmoja wa Kiingereza aitwaye Marta, mke wa Wilkoti, amedhoofu kwa homa, ameshika kikombe cha bati. Ndani yake mlikuwa na maji ya mwisho ya mapipa, ya kijani, yanayonuka. Mumewe akamwita, hakugeuka. Alimtazama yule bibi kizee aliyepasuka midomo, akamwonea huruma, akampa kikombe.

Mwanamize akanywa yote. Akafuta midomo.

“Ahsante, mwanangu,” akasema. “Umenitekea.”

Akasimama, akaliinua jiwe mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, na waliokuwa karibu walisikia kitu kikikatika ndani ya mwili wake. Akalitupa kando. Akateka kwa kata, akampa Marta. Marta alikunywa, akatazama huku na huku, kisha akateka akampelekea Shekue kupitia nafasi ya ua. Na Shekue, mtu wa mienge, alikunywa, akaingia ndani ya ua, akateka, akampa Wilkoti. Siku hiyo Kapteni alielewa watu wetu walikuwa wakingoja nini siku zote zile. Akamtekea mama mmoja mwenye kichanga, na nusu ya maji ikamwagika njiani. Jioni ule ua ukawa kuni.

Meli iliporudi, baadhi yao waliondoka nayo. Wengine walibaki, na nimekwisha kuwataja.

Mwanamize hakupona. Alfajiri moja, kabla watu hawajaamka, kiu ilimshika akatoka kwenda kisimani. Hapakuwa na mtu wa kumtekea. Marta ndiye aliyetangulia kufika asubuhi hiyo, akamkuta ameegemea jiwe lake, amekwisha kufa, midomo mikavu, na ubavuni pake kata imejaa pomoni, hata tone halijaguswa. Alikuwa amemtekea atakayekuja wa kwanza. Marta alilia sana, kisha akayanywa maji yale, kwa kuwa yalikuwa yake.

Jiwe liko pale lilipotupwa, hajatokea wa kuliinua, ndiyo maana kisima chetu hakina kifuniko. Na ndiyo maana, wana wa Toviu, anayeondoka wa mwisho jioni huijaza kata na kuiacha ukingoni, kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Nimemaliza, na koo langu limekauka. Nanyi mnajua siwezi kujitekea.