Mtambo Uliopewa Zamu ya Kumbeba Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Ungamo, alitawala Sultani Badru, mtu mnene wa mwili na mwembamba wa huruma. Mali yake ilitoka katika karakana ya vitambaa, ambamo kila mfumaji alikuwa na kigoda chake. Na mila ya mji ilikuwa hii: mwenye kigoda karakanani ndiye mwenye zamu ya kubeba machela ya Sultani. Asiye na kigoda, bega lake ni lake.

Basi ikawa Sultani akanunua kwa wageni mtambo wa kufuma, unaokula kuni na kutema vitambaa usiku na mchana. Kesho yake wafumaji wote wakafukuzwa. Waziri akawakusanya uani, akawafanyia semina. Naam, semina! Chai ya rangi, hata andazi hakuna.

"Msilie, ndugu zangu. Jifunzeni kazi mpya."

"Kazi zipi, Mheshimiwa?" akauliza Makungu, mkubwa wa wafumaji.

"Zinakuja."

"Zimefika wapi?"

"Subira, mzee!" akasema Waziri, akaenda zake kula pilau.

Ikawa Ungamo ina watu wa namna mbili: jamaa za Sultani, waliobadili kanzu kila wakitoka jasho, na wengine wote, waliochemsha maji matupu ili jirani aone moshi.

Makungu alikuwa na mwana, jina lake Shekue, aliyesoma mpaka vitabu vikamkimbia, akatunukiwa ijaza yenye mhuri, na kazi asipate. Huyo alishinda barazani akisema, "Mtambo haujamfukuza mtu. Mwenye mtambo ndiye aliyefukuza." Neno likafika kwa Sultani, Shekue akaitwa.

"Ewe mla bure!"

"Labeka, Maulana. Hiyo bure naijua, ila kula kwenyewe ndiko nisikokuona."

"Maadam ulimi unao, nakupa kazi. Wafumaji wapate riziki kama zamani. Lakini mtambo wangu usisimame hata kidogo, wala mimi nisitoe sadaka hata punje. Ijumaa ikifika bila hayo, wewe na baba yako mtahama Ungamo, na nyumba yenu nitafugia punda."

"Sami'na wa ata'na, nimesikia na nimetii. Ila niulize, Maulana: vigoda vya karakana sasa ni vya nani?"

"Vya mtambo! Vyote!"

"Na mila ya vigoda?"

"Mila ya babu zangu haivunjwi."

"Basi naomba mbiu ilie, mji mzima usikie maneno hayo matukufu."

Sultani alipenda mno kusikia maneno yake yakitembea mjini. Mbiu ikalia.

Sasa, Ijumaa hiyo Sultani alikuwa aende kuoa mji wa pili, na wazee wa upande wa bibi harusi walikuwa wamekuja kumchukua. Akaketi katika machela, amejifukiza udi, akaita, "Wabebaji!"

Wafumaji walikuwa ng'ambo ya njia, wamenyoosha miguu kama wageni wa heshima.

Shekue akaenda mlangoni mwa karakana, akapaza sauti: "Ewe mwenye vigoda! Zamu yako, Maulana anangoja!" Mtambo ukatema kitambaa.

"Haujasikia labda," akasema Shekue. "Ungefanyiwa semina."

"Nitakwenda kwa punda!" akanguruma Sultani.

Mzee mmoja wa ukweni akakohoa. "Kwetu bwana harusi huletwa na mabega ya watu wake. Asiye na watu hatumpi binti."

"Askari, wachapeni hawa mpaka wanibebe!"

"Anayebeba kwa kuchapwa ni mateka, bwana mkwe. Tumesema watu."

Basi Waziri na wenzake wakakunja kanzu zao, wakaingia chini ya miti ya machela. Wallahi, hawakufika hata kwenye pembe ya ukuta. Waziri akapiga goti, machela ikalala ubavu, na Sultani akabiringika hadi mtaroni. Wazee wa ukweni wakaficha vinywa kwa mikono ya kanzu.

"Makungu!" akalia Sultani kutoka matopeni. "Mnataka nini?"

"Nusu ya kila kitambaa kinachotemwa na mtambo wako, maadamu unatema."

"Nusu? Huo ni wizi!"

"Basi tembea, Maulana. Miguu unayo."

"Nasi tunarudi," wakasema wazee wa ukweni. "Jua limepanda."

"Nimekubali! Nusu! Niondoeni hapa!"

Wazee wakashuhudia. Shekue akainama mtaroni kwa adabu zote. "Maulana, mtambo haukusimama, nawe hukutoa sadaka. Umenunua mabega, na wafumaji wamepata riziki. Nyumba ya baba yangu je?"

Sultani akajaribu kucheka, kama wachekavyo masultani wenzake wakishindwa, tope likamjaa kinywani. "Kaeni," akasema, akitema tope.

Basi wakamnyanyua na matope yake mpaka kilembani, wakampitisha njia ndefu, ile ya sokoni. Hekaya inakomea hapo. Na anayedhani mji waweza kwenda bila watu, ajibebe.