Chungu Kibichi cha Mwanamize

Haya, sogeeni, na masikio yasogee pia! Zimwi lilimkamata Mwanamize, mfinyanzi wa mji wa pwani, likamwamuru afinyange chungu kikubwa huku amesimama ndani yake. Kuta zikafika magotini, zikafika mabegani, zikampita kichwa. Juu alibaki kuona kiduara cha mbingu tu.

"Kimekauka, nawe umeiva! Nakupika humo humo!" likacheka zimwi.

"Chungu hakijachomwa," akasema Mwanamize.

"Unanichelewesha!"

"Wallahi, hakijachomwa."

"Kitachomeka jikoni!"

"Bwana wee, kibichi hiki!"

"Nyamaza!" Zimwi likamimina pipa zima la maji.

Chungu kikalegea, kikamomonyoka, kikawa tope. Mwanamize akatimua mbio.

"Si nilikwambia?"

Zimwi hadi leo linapapasa tope, linatafuta kitoweo.

Hadithi nimeiepua, atakayeiona mbichi, aichome mwenyewe.