Shimo la Mbweha

"Shimo la mbweha halina yatima." Mmeisikia methali hiyo leo msibani, wajukuu zangu, mkaniuliza imetoka wapi. Sogeeni basi. Ilianza hivi.

Huko Meatu aliishi mwanamke mfugaji wa mbuzi, jina lake Minza. Aligombana na mdogo wake, Holo, wakakaa miaka minne bila kusalimiana. Kisha Holo akafa kwa homa, akaacha binti wa miaka mitatu, Ngolo. Ukoo ulipomgeukia Minza, alisema, "Mama yake hakutaka hata kuniona. Mtafutieni pengine." Mtoto akawa leo analala kwa huyu, kesho kwa yule.

Masika ya mwaka huo mbweha alimlia Minza vitoto viwili vya mbuzi. Akatega mtego. Asubuhi alimkuta amenaswa, amekufa. Jike, matiti yamejaa maziwa. Akajua kuna watoto mahali. Akachukua jembe, akafuata nyayo hadi kwenye kichuguu chenye shimo, awamalize.

Kabla hajaanza kuchimba alimwona mbweha dume akija mbio. Minza akajibanza kichakani. Dume akaita kwa sauti ndogo. Wakatoka watoto wanne, wakamlamba mdomo, naye akawatapikia nyama. Mara akaja mwingine, jike kijana, mwembamba, dada yao wa uzao uliopita. Naye akawatapikia chote alichobeba tumboni, kisha akajilaza. Wale wadogo wakamvamia, wakanyonya matiti yasiyo na kitu. Hakuwafukuza. Aliwalamba tu.

Minza akakaa chini, akamlilia Holo kwa mara ya kwanza.

Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake, Nkwimba, ambako Ngolo alikuwa amelala usiku huo, jembe bado begani.

"Shangazi, hodi. Nimemfuata Ngolo."

"Leo? Wewe si ulisema hamkupatana na mama yake?"

"Ni sisi wawili tuliogombana. Mtoto hakuwepo."

"Na atakula nini?"

"Nitakachokula mimi."

Sauti ya Minza ilifanana sana na ya Holo. Ngolo alichomoka ndani akipiga kelele, "Mama!" Alipofika mlangoni akaona si yeye, akasimama ghafla.

Minza akatupa jembe, akapiga magoti. "Si yeye, mwanangu. Mimi ni mama mkubwa. Lakini njoo."

Ngolo alimtazama kitambo. Kisha akaja.

Watu walipomuuliza Minza kilichombadilisha, hakueleza mengi. Alimpandisha mtoto mgongoni, akajibu, "Shimo la mbweha halina yatima."