Mlenda Uliotiwa Majivu

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kualikana kula kama tufanyavyo sisi, Pimbi walikaa katika nchi kavu yenye mawe mengi. Mpunga haukuota huko, wala ndizi. Uliota uwele, na kandokando ya uwele yaliota majani ya mlenda.

Basi Pimbi walikula ugali wa uwele kwa mlenda. Majani waliyaanika juani, wakayatwanga, twi, twi, twi, wakayapika kwa karanga mpaka mlenda ukavutika kidoleni. Msafiri akisikia harufu ile alisema, "Nimefika kwa Pimbi." Hakuwa na haja ya kuuliza njia.

Mpishi hodari kuliko wote alikuwa mama mmoja mzee aitwaye Mbeleje. Ndiye pia aliyetunza mbegu za uwele za ukoo mzima, ndani ya kihenge cha fito na udongo nyuma ya nyumba yake. Mwanawe aliitwa Ndahani. Alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa maneno. Ndahani naye alikuwa na binti, Sechelela.

Siku moja alifika Ngedere, jirani yao wa msituni, amekonda, mkononi ana bakuli tupu.

"Kiboko alikuja kwetu," alisema. "Akaonja ndizi zetu, akasema ni tamu. Kesho yake Nyati na wenzake wakaja na majembe, wakang'oa migomba yote mpaka machipukizi. Sasa imepandwa bondeni kwake."

"Na ninyi mnakula nini?" aliuliza Mbeleje.

"Anachobakisha. Tunapanga foleni uani kwake." Ngedere alilitazama bakuli lake. "Keshokutwa anakuja kwenu, mama. Amesikia habari za mlenda."

Pimbi waliogopa. Kiboko alikuwa na nguvu, na Nyati walikuwa wengi. Hakuna aliyeweza kupigana nao.

Ndahani akawaza siku nzima. Jioni akamwambia mama yake, "Anachukua kile anachokiona kitamu tu. Tumpikie kibaya. Atatema, ataondoka, na mbegu zitabaki."

"Mimi?" Mbeleje aliweka mwiko chini. "Nipike kibaya kwa makusudi, niseme ndicho chakula cha kwetu?"

"Mara moja tu, mama."

"Pika mwenyewe. Mimi siwezi."

Ndahani akapika mwenyewe. Akatia majivu kwenye mlenda, konzi kwa konzi. Akatia utomvu wa mshubiri, mchungu kama nyongo. Ugali akausonga nusu mbichi, akauchanganya na mchanga. Watoto hakuwaambia kitu. Alihofu wangecheka mbele ya mgeni, siri ikafichuka.

Kiboko akaja, du, du, du, vumbi likatimka. Nyati akasimama nyuma yake. Pimbi wote wakakusanyika, wakubwa mbele, watoto wamekaa juu ya mawe.

Kiboko akamega tonge, akachovya, akatia kinywani. Uso ukamkunjamana. Ptuu, akatema.

"Hiki ndicho chakula chenu?"

"Ndicho, bwana mkubwa," alisema Ndahani. "Tumezaliwa tumekikuta."

Nyati hakuamini. "Ngedere wanasema ni kitamu. Hebu kula tuone."

Ndahani akaketi, akala. Mchanga ukalia menoni, kwaruu, kwaruu. Machozi yalimlenga, lakini akatabasamu, akala mpaka akalamba bakuli.

"Apa," alisema Nyati.

Ndahani akatazama kihenge cha mama yake, kisha akainua mkono.

"Naapa kwa kaburi la baba yangu. Chakula chetu ni majivu na uchungu. Tunakula hivi kwa sababu sisi ni wajinga, hatujui kupika kingine."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Wala majivu," alisema. "Nawaonea huruma watoto. Waje kwangu, wapate wali." Akageuka, akaenda zake. Hakuchukua hata punje moja.

Wakubwa wakamkumbatia Ndahani. Hila ilikuwa imefaulu. Mbeleje peke yake hakumsogelea. Alikuwa akiwatazama watoto, ambao walishuka kwenye mawe kimya kimya bila kumtazama mtu.

Tangu siku ile, watoto wa Pimbi walipokwenda kuchota maji mtoni, walikuta wanangojwa. "Wala majivu hao," waliimba ndama wa Nyati. Hata Ngedere wadogo, waliokuwa wakilala na njaa, waliimba.

Sechelela alianza kula kwa kujificha nyuma ya mlango. Baadaye akala nusu. Baadaye akasema hana njaa.

Ndahani akamwita. "Mwanangu, ile ilikuwa hila. Nilitia majivu mimi, na mchanga nilitia mimi. Chakula chetu ni kizuri, wewe mwenyewe umekila tangu utotoni."

"Uliapa kwa kaburi la babu," alisema Sechelela. "Mbele ya watu wote. Ulisema sisi ni wajinga."

"Nilimdanganya Kiboko."

"Au unanidanganya mimi sasa. Labda tunakiona kizuri kwa sababu hatujui kingine. Nitajuaje, baba?"

Ndahani akamwendea mama yake. Mbeleje akapika mlenda mzuri kuliko wote aliowahi kupika, akamwekea mjukuu wake. Sechelela akameza tonge moja kwa heshima, akanawa mikono.

"Nimeshiba, bibi. Asante."

Mwezi uleule akashuka bondeni na wenzake kula wali wa Kiboko. Hakuna aliyewavuta kwa kamba. Walikwenda kwa miguu yao. Nyumba baada ya nyumba, watoto wakaisha, na baadhi ya wazazi wakawafuata.

Mvua zikaja, na zilikuwa nzuri. Mbeleje akafungua kihenge, akatoa mbegu zote, salama kabisa. Akapanda yeye na Ndahani, na wazee wachache waliobaki. Uwele ukaota, ukarefuka, ukabeba masuke mazito.

Lakini uwele, watoto wangu, una adui wake. Ndege waitwao kweleakwelea hushuka kama wingu, na hawafukuzwi ila na watoto wengi, mmoja kila pembe ya shamba, wakipiga kelele na kurusha udongo tangu alfajiri mpaka jua lizame. Sasa hapakuwa na watoto.

Ndege wakashuka. Vuuu. Ndahani alikimbia huku, akapiga debe, wakatua kule. Alikimbia kule, wakatua huku. Alikimbia siku nne, sauti ikamkauka. Siku ya tano alikaa chini katikati ya shamba, na ndege wakala mbele yake, hawakumwogopa tena.

Mbeleje alikuja akiburuta miguu. Akaokota suke moja, akalipapasa. Lilikuwa tupu. Akaokota la pili, nalo tupu. Akaketi kando ya mwanawe.

"Sechelela atarudi lini?" aliuliza.

"Akiacha kutuonea haya, mama."

Mama mzee akavuta makapi kutoka kwenye nguo yake, moja moja.

"Basi sitamwona," alisema.

Hapo ndipo hadithi yangu inapokomea, nanyi watoto wangu mshike hili: anayekitukana chakula cha kwao ili kumdanganya adui, ajue kwamba wanawe nao wanasikia.