Jino Lililonyamaza

Mtu mmoja alikuwa na wana wawili na kalamu moja. Jina lake Semboja. Kalamu yenyewe ilikuwa ya wino, ya zamani, ya marehemu baba yake, na mnawajua wazee wenye kalamu za namna hiyo: huzivaa kifuani kama nishani, hata wakienda kupalilia.

Mhina, mwanawe mkubwa, alikuwa mpole, na ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala. Kibwana, mdogo, kila jioni alisema mahindi yanapungua. Aliyasema hata mbele ya wageni, mpaka baba akachoka kumsikia. Asubuhi moja Semboja akaketi kuandika barua ya kumkana, aipeleke kwa mtendaji wa kijiji. Alipofika kwenye jina la Kibwana, kalamu ikakwaruza, karatasi ikachanika.

Hakutaka kalamu nyingine. Barua ya namna ile, alijiambia, huandikwa kwa kalamu ya baba. Akaikunja barua, akaenda nayo sokoni kwa Ngoda, fundi saa aliyeacha shule darasa la nne na hajachoka kuwatania waliomaliza.

"Jino hili la kushoto ndilo korofi," akamwambia. "Lisugue kwa msasa. Ikibidi, likate."

Maana ncha ya kalamu ya wino imepasuliwa katikati, ikawa na meno mawili, na wino hupita kwenye upenyo ulio kati yake. Ngoda akabandika lenzi jichoni. Akaigeuza kalamu mara mbili. Kisha akampa mzee lenzi, atazame mwenyewe.

Semboja akatazama. Kumbe kitu alichokivaa miaka thelathini hakuwahi kukiona. Meno yale yalisimama kama milima miwili ya dhahabu, na katikati umepita mwanga, mwembamba kuliko unywele.

"Mzee wangu," Ngoda akasema, "hilo unalotaka nilikate limenyooka kuliko mimi na wewe. Lililopinda ni hili lililonyamaza. Limejiinua, hata karatasi haliigusi. Mwenzake anaubeba mkono wako peke yake, ataachaje kukwaruza?"

Akalishusha jino la kulia kwa ukucha tu, taratibu, kama anayemfunga mtoto kifungo. Semboja akaijaribu kalamu kwenye barua ileile, kando ya mchaniko. Jina la Kibwana likatoka lote, jeusi, bila sauti. Akalitazama kwa muda mrefu, kana kwamba limeandikwa na mkono mwingine.

Akaipita ofisi ya mtendaji kama hakuiona. Nyumbani hakumwita mwenye kelele. Alimwita mpole, akanyoosha kiganja, akaomba ufunguo wa ghala. Na ufunguo ukachelewa sana kutoka mfukoni.

Nanyi mlioshika msasa majumbani mwenu, jino la pili mmeshalitazama?