Unapanda na Nani?

Ndugu zangu, kulikuwa na bwana mmoja aliyeishi chini ya mlima mkali. Juu ya mlima palikuwa na zahanati, na mwaka huo likatoka tangazo: daktari wa macho atakuja siku moja tu, na saa nne asubuhi anaondoka. Mama yake yule bwana alikuwa na mtoto wa jicho. Wajukuu zake alikuwa anawatambua kwa sauti. Basi mwana akasema, "Mama, nitakupeleka kwa baiskeli."

Jambo jema, sivyo? Jema kabisa.

Siku moja kabla, akaenda kwa fundi kubadilisha gia. Pale kijiweni walikuwapo vijana, mnawajua, wale ambao kazi yao ni kuwacheka wanaopita. Fundi akainua vyuma viwili.

"Hiki cha meno machache kina mbio, kinafaa tambarare na mtu mwepesi. Hiki cha meno mengi kinakwenda polepole, utazungusha miguu mpaka wakucheke, lakini mlimani hakikuachi. Wewe unapanda na nani?"

Yule bwana akawatupia jicho vijana. Neno "mama" lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini aliona haya, ndugu zangu. Mtu mzima kama yeye, aonekane amempakia bibi kizee kwenye keria kama gunia la mkaa? Akasema, "Peke yangu, fundi. Funga hicho cha mbio."

Fundi angefanyaje? Akafunga alichoambiwa.

Asubuhi wakaondoka. Tambarare ikaisha upesi, wakaukabili mlima. Kona ya kwanza akasimama juu ya pedeli. Kona ya pili mapaja yakawaka moto. Ya tatu baiskeli ikagoma kabisa, na saa tatu ilikuwa imeshapita. Akapandwa na hasira. "Fundi gani yule! Amenifungia gia mbovu!"

Mama, kule nyuma, akauliza taratibu, "Mwanangu, kwani fundi hakukuuliza mzigo?"

"Aliniuliza, mama."

"Ukamwambiaje?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na mlima. Akajibu ameinama, "Nilimwambia niko peke yangu."

Mama hakugomba. Akapapasa kwa fimbo mpaka akaipata ardhi. "Basi ngoja nishuke, baba, usije ukawa mwongo."

Wakapanda kwa miguu, amemshika mkono. Walipofika, daktari alikuwa ameshafunga virago.

Sasa nawauliza ninyi mliokaa hapa: fundi ana kosa gani? Nasi kila siku tunapiga magoti, "Bwana nipe nguvu, Bwana niinue." Yule kaka mlevi tuliyemwacha nyumbani hatumtaji. Binti aliyerudi na mimba hatumtaji. Baba anayejikojolea kitandani hatumtaji. Tunaomba nguvu za mtu mmoja, na mlima ukitushinda tunamnung'unikia Mungu.

Mtaniambia, "Mchungaji, Mungu anajua yote." Ndiyo, anajua. Sina wasiwasi na Mungu. Nina wasiwasi na yule uliyempakia. Kila unapomkana kwa kuona haya, Mungu amesikia, na yeye huko nyuma amesikia pia, naye anaanza kushuka.