Upande Wake wa Sinia

Ndugu zangu, najua mna njaa. Hata mimi nina njaa. Tangu daku hakuna kilichopita kooni, na hapo dirishani inaingia harufu ya kunde za mtu zinachemka, sijui za nyumba gani, Mungu awabariki. Basi leo sitawachosha. Nitazungumza habari ya chakula, maana hata nikizungumza jambo jingine, masikio yenu yatabaki kwenye kunde.

Palikuwa na ndugu wawili, mayatima, katika mji kama huu wetu. Baba alitangulia, mama akafuata, wakabaki wao na chumba kimoja cha kupanga. Mkubwa hakuwa mkubwa wa kutosha hata kuota ndevu, lakini aliacha shule akaenda sokoni kubeba magunia ili mdogo wake asome. Wiki nzima walikula walichopata. Ijumaa, mkubwa alinunua nyama kidogo, wakapika wali, wakaupakua kwenye sinia alilowaachia mama yao.

Sasa adabu ya sinia mnaijua, lakini niwakumbushe, maana siku hizi kila mtu ana sahani yake na simu yake pembeni. Sinia ni moja, lakini kila mtu ana upande wake. Unakula mbele yako. Huvushi mkono kwenda kwa mwenzio kana kwamba umedondosha pete huko. Nyama hukaa katikati, na anayekupenda hukisogeza kipande kwa vidole vyake mpaka upande wako. Hasemi kitu. Kipande kimeshasema.

Basi mkubwa alisogeza. Kipande cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho, vyote vilikwenda upande wa mdogo. Mtoto akiuliza, "Kaka, na wewe?" anajibiwa, "Kula wewe, mdogo wangu. Mimi nyama siipendi. Inanikwama kwenye meno."

Mnacheka? Yule kijana alikuwa na meno ya kuvunja kokwa! Alikuwa anaipenda nyama kuliko sisi sote tuliomo humu. Lakini haikutosha wawili. Na mtoto, masikini, aliamini. Akajua kaka yake ndivyo alivyo, kuna watu warefu, kuna watu wafupi, na kaka yake hali nyama. Akala zake, akashiba, wala hakumuona kaka yake kuwa mtu wa ajabu.

Siku moja wakaalikwa walima, karamu ya harusi. Wakakaa kwenye sinia na wazee wa watu, pilau inafuka moshi, na mzee mmoja mwenye huruma akachukua mnofu mkubwa wa mbuzi akausogeza upande wa mkubwa. Kijana mate yakamjaa kinywani. Miezi mingapi hajaonja! Kabla hajanyoosha vidole, mdogo wake akapaza sauti watu wote wakageuka: "Babu, huyo ni kaka yangu, hali nyama! Msimlazimishe!"

Angefanya nini? Akameza mate, akala wali.

Miaka ikapita. Mungu akamfungulia mkubwa riziki, akawa na duka la mabati na saruji, akaoa, akajenga. Na nyama akaanza kula, tena akiushika ubavu anauacha mweupe. Mdogo alisoma, akapata kazi bara, mbali. Kila mkubwa alipokaa mezani alikuwa na hamu moja tu moyoni mwake. Alisema, "Siku ndugu yangu akija, nitachinja. Nitamsogezea mpaka aseme basi. Sasa nyama ipo, na mimi nitakula, na yeye atakula, na itabaki." Hiyo ndiyo ndoto aliyoibeba pamoja na yale magunia.

Mdogo akaja, sikukuu ya Idi. Mbuzi akachinjwa. Majirani wakaitwa. Sinia likawekwa, na mkubwa akachagua kipande kilichonona kuliko vyote akakisogeza upande ule anaoujua.

Mdogo akakirudisha. Taratibu tu, kwa migongo ya vidole. Akasema, "Kula wewe, kaka. Mimi siku hizi nyama sili."

Msiniulize kwa nini. Wenyewe walimuuliza, akasema moyo wake umekataa kula kitu chenye roho, wala kitokanacho nacho. Maziwa hanywi, yai hali, samli haitaki. Na kuna mtu hapa mbele namuona anataka kuniuliza, hata dagaa? Hata dagaa. Hakusema ni haramu, tuelewane. Kutokula ni jambo moja, kuharamisha alichohalalisha Mungu ni jambo jingine. Yeye alisema, mimi sili. Basi.

Jirani mmoja akaangua kicheko: "Bwana mdogo, umekuwa ng'ombe? Tukukatie majani?" Watu wakacheka. Mkubwa akaona haya, akakisogeza kipande tena. Kikarudi tena. Na mdogo naye, moto umeshampanda kwa kile kicheko, akasema neno ambalo lingeweza kungoja: "Mngeona wanyama wanavyochinjwa huko kwenye viwanda, hata nyinyi kisingewapita kooni." Mtoto wa kaka yake alikuwa na nyama mdomoni. Akaacha kutafuna, akamtazama baba yake, hajui ateme au ameze.

Mkubwa akasema, "Tangu lini mkono wangu umekuwa na uchafu?"

"Sikusema hivyo, kaka."

"Mkono huu ndio uliokulisha."

"Najua, kaka."

"Basi asiyekula ninachompa, asitie mkono kwenye sinia langu."

Ndugu zangu, kuna maneno ukiyatoa unatamani uyakimbilie uyarudishe kabla hayajafika. Haya yalifika. Mdogo akainuka, akanawa, akamuaga shemeji yake, akaenda zake. Hakurudi Idi ile, wala Idi iliyofuata, wala zilizofuata.

Sasa sikilizeni alivyokuwa mkubwa. Hakumtaja. Ukimuuliza habari za ndugu yake anakwambia bei ya saruji. Lakini kila Ijumaa sinia likiwekwa, alikaa na mkewe na wanawe, na upande mmoja, ule unaoelekea mlangoni, haukuguswa. Hakuna aliyeambiwa asiuguse. Watoto waliona tu mkono wa baba yao unachagua kipande kizuri na kukisogeza kule, halafu anakula, jicho mlangoni. Mlango ukigongwa, anaacha kutafuna. Ni muuza maji. Ni mtoto wa jirani anaomba chumvi. Wanamaliza, wananawa, na upande ule unabaki na wali wake na nyama yake juu, vimepoa. Mkewe anavikusanya anawapelekea wenye haja.

Alimtamani ndugu yake! Si kidogo. Alitamani ule mkono tu, aone vidole vya ndugu yake vikikusanya tonge upande ule. Nyinyi mliofiwa mnaijua hamu hiyo, lakini yeye hakufiwa, na hamu ya mtu aliye hai ina uchungu wake, kwa sababu kila siku inawezekana na kila siku haiwi.

Ijumaa moja, watoto wamekwisha kuwa watu wazima, mkewe hakuukusanya upande ule. Alikaa akautazama. Akasema, "Baba Mwanahawa, nikuulize. Unamngoja nani hapa?"

"Humjui?"

"Namjua. Ndiyo maana nauliza. Yule hali nyama. Sasa hii umemwekea nani?"

Bwana yule akageuka kuutazama mlango.

"Maana hata akiingia sasa hivi," mkewe akasema, "atakuta umemwekea kile kile kilichomtoa."

Mama zangu huko nyuma ya pazia, mnatikisa vichwa. Subirini, hajamaliza. Akamwambia, "Mume wangu, unamtamani ndugu yako, au unatamani kumpa?"

Hapo bwana yule akavunjika. Akamweleza mkewe jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, habari ya chumba cha kupanga, na nyama isiyotosha, na "inanikwama kwenye meno." Akamweleza walima, na ule mnofu, na sauti ya mtoto mdogo mbele za watu: kaka yangu hali nyama, msimlazimishe.

Mkewe akauliza, "Na mtoto aliamini?"

"Aliamini."

"Hakukucheka?"

"Alinitetea."

Mke akasema, "Basi mtoto aliuamini uongo wako, na wewe mtu mzima umeshindwa kuuamini ukweli wake."

Ndugu zangu, mtu anaweza kusikiliza khutba miaka mingi asipate neno kama hilo. Bwana yule alilipata nyumbani kwake, mkono haujakauka mchuzi.

Akanawa. Akachukua simu. Namba alikuwa nayo miaka yote, hakuna aliyemkataza kuipiga isipokuwa yeye mwenyewe. Ikaita, ikapokewa.

"Ni mimi," mkubwa akasema.

"Najua, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Ijumaa ijayo tunapika muhogo wa nazi. Na kunde. Shemeji yako atapika kwenye sufuria jipya ambalo halijaonja samli. Nimeona nikwambie."

Mdogo akauliza, "Na wewe utakula nini, kaka?"

Na mkubwa, akiwa na wajukuu wawili na mvi kichwa kizima, akajibu kama alivyojibu kwenye chumba kile cha kupanga: "Mimi? Mimi nyama siipendi, mdogo wangu. Inanikwama kwenye meno."

Kule upande wa pili mtu alikuwa anacheka au analia, simu zetu mnazijua, haikueleweka. Kisha sauti ikasema, "Kaka, usinidanganye mara ya pili. Nilipokua nilijua. Nilijua kwa nini hukuwa unakula, na kila kipande nilichokula utotoni nimekikumbuka. Zamani haikutosha. Sasa inatosha. Mwambie shemeji akupikie nyama yako, ule mbele yangu nikuone unavyoifurahia. Mimi sikutaka uache kitu. Nilitaka upande wangu tu."

Upande wangu tu.

Ndugu zangu, mfano wangu ndio huo. Sasa tujitazame sisi.

Sisi tuna watu tunaowatamani. Hebu kila mmoja amtaje moyoni mwake, asinitajie mimi. Mtoto aliyeondoka, dada mliyegombana, rafiki aliyekuwa haikosi futari nyumbani kwako na sasa anapita njia nyingine. Tunasema tunawangoja. Tunawaombea. Lakini tumewawekea nini? Si kile kile walichokikataa? Tunasema mlango uko wazi, na kwenye mlango tumesimamisha sharti, halafu tunalalamika, mbona haingii? Tunampenda mgeni aliye kama sisi. Huyo hata jirani yangu mchoyo anampenda! Mgeni hasa ni yule anayekulazimu uulize kwanza, na kuuliza si aibu. Ukialika watu usiku huu, uliza: utakula nini? Ukiambiwa, amini. Usimcheke, usimwite ng'ombe, usimfichie kipande chini ya wali ukidhani unamtania. Huo si ukarimu, huo ni ubishi uliotiwa bizari.

Na nyinyi msiokula hiki au kile, msifurahi sana, nanyi mna zamu yenu. Umekaa kwenye sinia la watu, mtoto ana tonge mdomoni, nawe unaanza kumweleza habari za machinjioni? Sema "sili, ahsante," ule kilicho mbele yako, uwaache wenzio na chao. Mahubiri niachieni mimi, mimi nina kibali.

Chakula chenyewe, ndugu zangu, kesho asubuhi hatukikumbuki. Nani anakumbuka alifuturu nini Ramadhani iliyopita? Lakini aliyekaa mbele yako unamkumbuka, na asiyekuwepo unamkumbuka zaidi. Yule bwana alihifadhi upande wa ndugu yake miaka yote ile, akaujaza kila Ijumaa, na haukujaa hata siku moja, mpaka alipokubali ukae bila kile anachokipenda yeye.

Naona muadhini ananitazama kwa jicho baya, na zile kunde sasa zimeiva. Nendeni. Lakini ukifika nyumbani, kabla hujasema bismillahi, tazama sinia lako. Kama kuna upande ambao haujaguswa siku nyingi, na mwenyewe yuko hai, usimwekee kitu. Mpigie simu, umuulize anachokula.